Naombeni ushauri: mume wangu anawapunja wakulima kwenye mizani, na hela imeingia kwenye akaunti yangu

MamaCherehani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo nawasalimu. Siku zote nimekuwa msomaji tu humu, leo nimebanwa. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Tunaishi huku juu mlimani, Moshi Vijijini. Mimi ni fundi cherehani, nashuka mjini Mbuyuni asubuhi na kupanda jioni. Mume wangu ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, ambacho sitakitaja. Msimu ukianza yeye ndiye anayepokea kahawa ya maganda kwa wakulima, anaipima, anaandika kilo kwenye daftari na kumkatia mkulima stakabadhi. Ni mtu mpole. Hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono, ada za watoto analipa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia nifungashe mizigo, sijaja kwa hilo.

Likizo fupi iliyopita kijana wetu wa kidato cha pili alikuwa anaenda kumsaidia baba yake kuandika. Jioni moja nimeinjika chakula, natoka uani namkuta amening'iniza ndoo ya mahindi kwenye mizani yetu ya mshale, anamfundisha mdogo wake. "Angalia mshale. Sasa naweka goti." Akasogeza goti chini ya ndoo polepole, kama mtu anayejiegemeza tu, mshale ukarudi nyuma kilo mbili. Mdogo wake akacheka, naye akataka kujaribu. Nikauliza, nani kakufundisha? Akatazama chini. "Baba alisema nisikwambie, utashtuka bure."

Usiku nikamuuliza mwenyewe. Hakukataa. Akasema kahawa hupungua ghalani kwa kukauka, na ikipungua karani ndiye anayedaiwa, kwa hiyo lazima ajiwekee akiba ya kilo moja moja kwenye kila gunia. Nikamuuliza, ikibaki inaenda wapi? Kimya. Wiki iliyofuata malipo yakatoka, ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu yangu. Mimi ni mwanachama kwa jina langu, kwa ajili ya miche michache iliyo nyuma ya nyumba ambayo haifikishi hata gunia moja kwa mwaka. Hela iliyoingia ni ya magunia sita. Milioni tatu na ushee.

Anataka niitoe kabla ya mwisho wa mwezi. Mpango wake ni bati za nyumba tunayojenga, pamoja na laki tano alizoahidi kwa ujenzi wa kanisa. Aliinuka mbele ya usharika mzima akaitaja, na anataka kuimaliza Sikukuu ya Mavuno. Kati ya waliopimwa kwa goti yumo bibi mmoja jirani yetu, mjane, anayemsomesha mjukuu wake kwa kahawa hiyo hiyo. Tunasali naye jumuiya moja. Jumapili iliyopita alimshukuru mume wangu mbele yangu kwa kumsaidia kubeba gunia mpaka kwenye mizani.

Hela niitoe au niiache? Nimwambie nani? Na huyu kijana nimfanyeje? Tangu siku ile ananikwepa, na nikiingia sebuleni yeye na baba yake wanakatisha mazungumzo. Hilo linaniuma kuliko hela.

Kibo_Mtulivu

Pole sana dada. Nitasema tofauti na wengi watakaonifuata, na nasema kwa nia njema.

Msitiri mumeo. Karani wa msimu analipwa kidogo na anabeba lawama kubwa. Ukilipeleka hili ofisini, kesho yuko mahabusu, keshokutwa wewe na watoto mnanyooshewa vidole kijiji kizima, na hao wakulima hawatakulipia ada. Mithali 14:1 inasema mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake, na mpumbavu huibomoa kwa mikono yake mwenyewe. Ongea naye taratibu, mwombee, msimu ujao aache. Hela imeshaingia, ezekeni nyumba. Na wakulima nao wapo wanaoleta kahawa haijakauka vizuri ili iwe nzito, tusiwafanye wote malaika.

Dada wa Njiro

Kaka Kibo, aya ni nzuri, ila angalia ni nyumba gani unataka ijengwe.

Mama, soma Yoshua 7. Akani aliona kwenye nyara za Yeriko vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Akazitamani, akazichukua, akazifukia katikati ya hema yake, hema ile ile walimolala wanawe na binti zake. Israeli wakapigwa huko Ai, watu 36 wakafa ambao hawakujua lolote. Mwisho wake Akani na nyumba yake yote wakaishia bonde la Akori. Toa hicho kitu hemani mwako. Laana ya mali ya dhuluma hufuata mpaka wajukuu, nimeiona kwa macho yangu hapa Arusha.

MjukuuWaMeku

Dada wa Njiro, nakuheshimu sana, lakini kwenye laana ya wajukuu naomba nikupinge.

Ezekieli 18 sura nzima imeandikwa kukanusha jambo hilo. Watu walikuwa wanasema baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu akasema msiseme hivyo tena. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kumbukumbu la Torati 24:16 nayo inasema kila mtu atakufa kwa dhambi yake mwenyewe. Ninachoogopa ni hiki: tukimjaza huyu mama hofu ya laana, kesho atakimbilia kwa mtu wa kumfungulia vifungo vya ukoo, atoe na sadaka ya kufunguliwa, arudi nyumbani amepata amani, na yule bibi mjane abaki na kilo zake pungufu vile vile.

Mali ya dhuluma haihitaji laana ili iharibu nyumba. Someni tena alichoandika mwenyewe. Mtoto ameambiwa amfiche mama yake. Mdogo wake ameanza kuchezea goti. Jina la mke limetumika bila yeye kuulizwa. Sebule imegawanyika kati ya wanaojua na wasiotakiwa kujua. Yote hayo yametokea kabla senti moja haijatoka benki, na hakuna pepo hapo. Wizi wa namna hii mtu haufanyi peke yake. Lazima aazime watu wa nyumbani kwake: mkono wa huyu, jina la yule, ukimya wa mwingine. Na watu wa nyumbani huwa hawakatai, kwa sababu wanampenda.

Mithali 15:27: atamaniye faida afadhaisha nyumba yake mwenyewe. Angalieni anayeifadhaisha nyumba hapo ni nani. Aya haimtaji malaika wala adui. Ni mwenye nyumba.

KaraniMstaafu

Marahaba mama. Nimeshika mizani ya kahawa miaka mingi kabla hazijaja za kidijitali, na Chuo cha Ushirika hapo Moshi nilikwenda kozi, kwa hiyo nitazungumzia ninalolijua.

Mumeo hakudanganya aliposema kahawa hupungua. Ikipokelewa na unyevu kidogo, ikikaa ghalani inakauka, na uzito unashuka. Ikifika kiwandani kukobolewa, kilo zikiwa pungufu kuliko daftari, wa kwanza kuulizwa ni karani. Hofu hiyo naijua. Lakini upungufu una njia yake: unapima unyevu wakati wa kupokea, kahawa mbichi unairudisha kwa mwenyewe akaianike, na upungufu wa ghalani unauandika kwenye daftari la ghala, meneja anasaini, bodi inapata taarifa. Anayekata kilo moja kwa kila mkulima kimya kimya ameanza kwa kujikinga, na nimewaona wengi wakiishia kula. Mwaka wa kwanza akiba inafidia upungufu kweli. Mwaka wa pili inabaki ziada kidogo, na ziada haina mwenyewe. Mwaka wa tatu unatafutwa uanachama wa kuibebesha ile ziada, na uanachama ulio karibu ni wa mke.

Hapo ndipo ulipo, mama. Jina lako liko kwenye orodha ya malipo kwa magunia ambayo shamba lako haliwezi kuyatoa. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akija, au afisa ushirika wa wilaya, hahitaji kujua habari za goti. Atauliza tu huyu mwanachama ana miche mingapi. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni fupi: usiitoe. Ikiwa bado benki, wewe ni mtu ambaye jina lake limetumika. Ukiitoa ukanunua bati huku unajua, umeshaingia ndani.

Ndugu Kibo anasema wakulima nao si malaika. Sawa. Mkulima anayeleta kahawa mbichi dawa yake ni kurudishiwa gunia lake mbele ya watu. Bibi aliyeianika kahawa yake kwenye kichanja, akaigeuza kwa mkono kila siku, hawezi kulipishwa kosa la mwenzake.

Tena niseme jambo la huku kwetu. Ushirika wa kahawa wa mlimani hapa ni wa zamani, chama chetu kikuu, KNCU, kimeundwa 1933, na uhai wake wote umening'inia kwenye mkulima kuamini kwamba kilichoandikwa ndicho alichobeba. Wakala wa Vipimo huja kuhakiki mizani na kubandika stika, lakini stika haioni goti. Mzee akishajua anapunjwa hapeleki tena kahawa chamani, anawauzia wachuuzi wanaopita usiku kwa bei ya kutupa. Wengine wameng'oa kabisa mibuni wakapanda migomba mitupu. Watoto wa vihamba hivyo, yaani mashamba ya nyumbani, ndio wanaokosa ada.

Swali moja: mumeo ana daftari la pembeni? Namaanisha kadaftari ambako ameandika kilo halisi, ili ajue ziada imefika wapi. Wengi huwa nako. Jibu hilo kabla sijasema zaidi.

Nyota ya Rombo

Naandika kama mtoto wa nyumba ya aina hiyo, maana naona tunazungumza sana habari za baba na mama.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa taasisi moja. Mafuta ya kula, saruji, mabati, vilikuwa vinaletwa usiku. Kaka yangu mkubwa alikuwa anaamshwa kupokea mifuko. Mimi kazi yangu ilikuwa geti. Akija mtu nisiyemjua nilishafundishwa kusema "baba amesafiri" hata kama namsikia anakohoa chumbani. Sikuwahi kumleta rafiki nyumbani, kwa sababu stoo yetu ilikuwa na vitu ambavyo nyumba za wenzangu hazikuwa navyo, na nilikuwa naogopa swali.

Alifukuzwa kazi, hakufungwa. Watu walisema ameponea chupuchupu. Sisi hatukupona. Mama aliambiwa yeye ndiye aliyekuwa anapenda vitu. Kaka anasema ile nyumba ya kihambani ni haki yake, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba saruji usiku wakati wengine tumelala. Mdogo wetu anasema kihamba ni cha kitinda mimba kwa mila. Wazazi wote wawili bado wako hai na mgogoro uko baraza la kata. Desemba tunapanda Rombo kama watu wengine, lakini kila mmoja anakula Krismasi kwenye nyumba yake, na mama anazunguka na sahani.

Baba hajawahi kutuomba radhi, na sidhani kama ataomba. Yeye anaamini aliiba kwa ajili yetu, kwa hiyo anatuona sisi ndio wadeni wake. Mama, mumeo akikuambia "nafanya kwa ajili yenu", usilikubali hilo neno likae kwa watoto. Lina uzito mkubwa sana kwao kulibeba.

Mlei_wa_Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki, katekisimu namba 2412 iko wazi: kilichoibwa hurudishwa kwa mwenyewe, na inamtaja Zakayo. Padre atakusikiliza kwenye kitubio na siri haitatoka, lakini hata yeye hana uwezo wa kukuambia basi, baki nazo. Nadhani kwenu Walutheri ni vile vile.

Mwinjilisti wa Mtaa

Ni vile vile, ndugu yangu.

Mama, nianze na ile ahadi ya laki tano, kwa sababu naona watu wameiruka. Nimekaa kwenye meza ya kuhesabu sadaka miaka mingi. Kanisa halina namna ya kuijua noti iliyotoka kwenye goti na iliyotoka kwenye jasho, zote tunazihesabu na kuziombea. Ndiyo maana mzigo unabaki kwa mtoaji. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza waziwazi mapato ya aibu, kama ujira wa kahaba, kuletwa nyumbani mwa Bwana kwa nadhiri yoyote. Na Bwana Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 anasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza. Mumeo anataka kumpa Mungu fedha ya mjane, kisha mjane yule yule ampigie makofi siku ya Mavuno. Naomba amwambie mzee wa kanisa kwamba ahadi ameisogeza mbele. Hakuna mchungaji mwenye akili atakayemlaumu, na hata kama yupo, alaumu.

Kuhusu bati, kuna aya ambayo huwa inanitikisa. Habakuki 2:9 hadi 11: ole wake aipatiaye nyumba yake mapato mabaya apate kukiweka kiota chake juu, kisha anasema jiwe litapiga kelele ukutani, na boriti itajibu. Nabii hasemi majirani watapiga kelele. Ni nyumba yenyewe. Nyota ya Rombo ametueleza vizuri jinsi inavyokuwa, saruji ile ile iliyobebwa usiku ndiyo leo inayoongea barazani.

Na mizani Biblia haikuisahau. Amosi 8 anawakemea wafanyabiashara waliokuwa wanaona Sabato inachelewa kuisha ili wakauze nafaka, wakipunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, na kudanganya kwa mizani. Walikuwa watu wa ibada hao, kama sisi.

Sasa njia ya kutoka. Walawi 6 inasema aliyedhulumu atarudisha kile kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka ya hatia. Zakayo akapita hapo, akasema nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Yesu akajibu: leo wokovu umefika nyumbani humu. Hakusema kwako tu, Zakayo, alisema nyumbani. Injili haituambii kama Zakayo alikuwa na mke na watoto, lakini kama walikuwapo, walikuwa ndani ya neno hilo. Kama dhambi yake ilivyoingia nyumba nzima, ndivyo na toba yake ilivyoingia nyumba nzima. Kwa hiyo kijana wako asifichwe kurudisha kwa sababu tu ya aibu ya baba. Aliona kuchukua. Aone na kurudisha.

Kibo_Mtulivu

Mwinjilisti umesema vizuri, sikatai. Lakini mimi nauliza jambo la duniani. Akirudisha wakamfunga?

KaraniMstaafu

Kibo, swali lako ni la haki na sitalidanganya. Kuna bodi zitakazomwondoa kazini na kuishia hapo, kuna nyingine zitakwenda polisi au TAKUKURU, na mtu aliyejileta mwenyewe na hela kamili mkononi hawi sawa na aliyekamatwa, ila siwezi kumwahidi chochote. Kabla ya kuandika barua yoyote aonane na wakili. Kama hana uwezo, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, awaulizie halmashauri.

Ninachojua kwa hakika ni kwamba kukaa kimya hakumkingi na gereza. Orodha ya malipo haifutiki.

FundiBati_Ngarenaro

Mimi ni mwanaume na ni fundi wa kuezeka, nimeona nyumba nyingi zimesimama kwenye linta kwa sababu hela ilikwisha. Naielewa hamu ya mumeo ya kumaliza. Huku kwetu Kaskazini Desemba ikifika mwanaume anapimwa: umejenga, hujajenga, umekuja na gari, umekuja na basi. Hakuna anayeuliza umezipataje. Kwa hiyo usimfuate kama polisi.

Usimwitie kikao cha ukoo. Akiaibishwa mbele ya shemeji zake atashupaa na hatarudi nyuma. Usimpeleke kwa mchungaji kwa kumshtukiza. Mna wasimamizi wa ndoa? Waite hao wawili, mume na mke, waje nyumbani jioni bila makuu. Ndio waliosimama nanyi madhabahuni, wana haki ya kuuliza na yeye hana sababu ya kuwaogopa. Na wewe siku hiyo usitaje sheria. Mweleze ulichokiona uani, kwa maneno yale yale uliyotuandikia hapa.

MamaCherehani

Nimewasoma wote, wengine nimewasoma nikilia. Nyota ya Rombo, Mungu akutunze dada. Huyo mtoto wa getini nimemuwaza usiku kucha.

Mrejesho. Nilifuata ushauri wa FundiBati. Msimamizi wetu na mkewe walipanda Jumapili baada ya ibada, wakaletewa chai, watoto nikawatuma kwa bibi yao. Mume wangu alipogundua wanachojia alikasirika, akasema nimemvua nguo. Akasema lile neno, nimefanya kwa ajili yenu. Msimamizi alimsomea ile Mithali 15:27, akasikiliza tu kama mtu anayesikia mahubiri ya kila wiki. Sikuwa na hasira, nikamweleza habari ya ndoo. Nikaonyesha na goti, hivi. Nikasema na mdogo wake akacheka akaomba zamu.

Aliinuka akatoka nje. Tukadhani ameondoka. Aliporudi alibaki amesimama mlangoni, akauliza, "Na mdogo naye anajua?" Nikamwambia anajua. Akakaa chini, hakuongea tena kwa muda mrefu. Alikuwa hajui kama kijana amemfundisha na mdogo wake.

KaraniMstaafu, daftari la pembeni lipo. Alilitoa mwenyewe kwenye begi lake la kazini akamkabidhi msimamizi. Kila mkulima, tarehe, kilo halisi na kilo zilizoandikwa, msimu wote huu na nusu ya uliopita. Jina la yule bibi liko mara nyingi.

Amekubali kurudisha. Lakini anataka azunguke mwenyewe usiku kwa wakulima ampe kila mtu chake kimya kimya, chama kisijue. Je, inafaa? Na huyu bibi aambiwe au alipwe tu?

KaraniMstaafu

Ashukuriwe Mungu kwa hilo daftari. Lisichanwe wala kuandikwa upya, libaki lilivyo.

Kuzunguka usiku hakufai, mama, na nitakuambia kwa nini. Kwanza hela iliyo kwenye akaunti yako ni ya chama kimahesabu, imetoka kwenye mauzo ya mnada. Akiigawa mwenyewe vitabu vinabaki vya uongo, na malipo ya pili ya msimu yakija yatakokotolewa kwa kilo zile zile za uongo. Wakulima watapunjwa tena na hela ya pili. Pili, mtu akiletewa hela usiku na karani ataona ananunuliwa mdomo.

Afanye hivi. Amwone wakili au msaidizi wa kisheria wiki hii. Aandike barua kwa mwenyekiti wa bodi, aeleze kilichofanyika bila kumtaja mtu mwingine wala kujitetea, aambatishe nakala ya kila ukurasa wa daftari. Wewe andika barua yako tofauti, kwamba magunia yale si yako na hela haijaguswa. Hela irudi kwenye akaunti ya chama kwa njia ya benki, mbaki na risiti. Ya msimu uliopita ambayo imeshatumika aseme ataitoa wapi na kwa muda gani. Kilo zirekebishwe kwa jina la kila mkulima kabla ya malipo ya pili. Ile sehemu ya tano ya Mwinjilisti akitaka kuiongeza, aiongeze hapo hapo, iandikwe.

Mizani aiachie kabla hawajamwambia aiache.

Mwinjilisti wa Mtaa

Na bibi aambiwe. Aambiwe na mumeo kwa mdomo wake, kabla barua haijasomwa kikaoni, asije akasikia kwa watu kisimani. Aende mchana, aende na msimamizi. Akikasirika avumilie. Asimwombe asamehe siku hiyo hiyo, msamaha ni wa bibi, atautoa akipenda.

Dada wa Njiro

MjukuuWaMeku, nimekuelewa kwenye Ezekieli, ingawa kwenye Akani bado sijakuachia. Mama, tunakuombea.

MamaCherehani

Asanteni. Wakili amepatikana mjini, rafiki wa msimamizi, tunaonana naye Alhamisi. Kwa bibi wamekwenda jana mchana. Sitaandika aliyosema, ni yake. Mzee wa kanisa ameambiwa kuhusu ahadi, hakuuliza sababu. Bati zitasubiri, na ya msimu uliopita tumekubaliana kuuza ng'ombe mmoja wa maziwa. Mimi ndiye ninayemkamua, nimekubali.

Kijana ameambiwa na baba yake, mimi nikiwepo. Alisikiliza, halafu akauliza kama na zile stakabadhi zenye mwandiko wake zitarekebishwa. Baba yake amemwambia ndiyo, na kwamba Jumamosi watakaa wote wawili waziorodheshe moja moja kutoka kwenye daftari. Barua zinakwenda kwa mwenyekiti baada ya wakili kuzipitia, na kikao cha bodi ni Jumanne ijayo. Nitaleta mrejesho.